Jinsi ya Kuthibitisha Kazi ya Jeni ya STK11 Ndani ya Seli

Jeni ya STK11, iliyo kwenye kromosomu ya 19, hutoa kinasi (kimeng'enya kinachopachika fosfati kwenye protini nyingine) iitwayo LKB1, yenye asidi amino 433. Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba kuharibika kwa jeni hii husababisha ugonjwa wa Peutz-Jeghers, ambao ni wa kurithi na huotesha vinyama kwenye utumbo, na kuanzia mwaka 2003 imefahamika kwamba LKB1 huiamsha AMPK, kinasi inayosimamia matumizi ya nishati ya seli, kwa kuipachika fosfati kwenye threonini ya 172 (yaani asidi amino ya 172 katika mnyororo wake). Mwongozo huu unaeleza namna ya kulithibitisha jambo hilo maabarani.

Hatua ya 1: Chagua seli zisizo na LKB1. Seli za A549, za saratani ya mapafu, na za HeLa, za saratani ya mlango wa kizazi, zinafaa. Kuirudisha jeni pale ilipokosekana hutoa jibu lililo wazi kuliko kuipunguza pale ilipo, kwa kuwa masalio madogo ya kinasi huweza kutosha kuendeleza kazi.

Hatua ya 2: Tengeneza makundi matatu kwa kutumia lentivirusi, yaani virusi vya kubebea jeni hadi ndani ya seli. Kundi la kwanza lipate vekta tupu (kibebeo kisicho na jeni), la pili jeni kamili, na la tatu jeni ambayo lisini ya 78 imebadilishwa kuwa isolusini, ili protini iwepo lakini isiweze kupachika fosfati. Nalisisitiza sana kundi hili la tatu, ambalo wengi huliacha ili kupunguza gharama. LKB1 hushikamana na protini za STRAD na MO25, kwa hiyo kuwepo kwake tu huweza kuibadili seli. Bila kundi hilo hutajua kama badiliko unaloliona limeletwa na kazi ya kimeng'enya au na kule kushikamana. Baada ya kuzichuja seli kwa puromaisini, dawa inayoua seli zisizopokea vekta, hakikisha kundi la pili na la tatu yana kiasi kinacholingana cha LKB1.

Hatua ya 3: Zipe seli dawa ya AICAR, yenye ukolezi wa milimola 2 kwa lita, kwa saa 1, na sahani nyingine za kila kundi uziache bila dawa. Ndani ya seli AICAR hugeuzwa kuwa molekuli inayoiga AMP, ambayo huongezeka nishati ya seli inapopungua, na kuifanya AMPK ipokee fosfati kwa urahisi na kuihifadhi. LKB1 yenyewe huwa kazini muda wote.

Hatua ya 4: Zipasue seli kwa haraka. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika, kwani AMPK huitikia upungufu wa glukosi na oksijeni upesi mno, na seli zilizobanduliwa kwa tripsini kisha zikazungushwa kwenye mashine huonyesha fosfati ambayo haikuwepo zilipokuwa zimetulia. Shughulikia sahani moja moja: mwaga midia, suuza mara moja kwa bafa iliyopozwa kwenye barafu, weka bafa ya kupasulia yenye sodiamu floridi na sodiamu pairofosfati (za kuzuia fosfati zisiondolewe), kisha kwangua papo hapo.

Hatua ya 5: Tenganisha protini kwenye jeli, zihamishie kwenye utando, na uzitambue kwa kingamwili za threonini ya 172 yenye fosfati, AMPK yote, na serini ya 79 yenye fosfati ya ACC, kimeng'enya cha kutengeneza mafuta ambacho AMPK hukipachika fosfati hapo. Funika utando kwa albumini badala ya maziwa, kwa sababu kaseini ya maziwa ina fosfati nyingi. Ikiwa LKB1 ndiyo inayofanya kazi hiyo, AICAR itaongeza ishara za fosfati katika kundi la pili peke yake.

Hatua ya 6: Hakikisha AMPK ya kundi la kwanza ni nzima. Zipe seli zake dawa ya ionomaisini, inayoingiza kalsiamu na kuamsha kinasi nyingine, CaMKK2, ambayo hupachika fosfati kwenye threonini hiyohiyo. Ishara ikitokea, ukimya ulioonekana chini ya AICAR umetokana na kukosekana kwa LKB1. Kundi hilo likionyesha ishara hata bila dawa yoyote, rudia jaribio ukiizuia CaMKK2 kwa dawa ya STO-609 kabla ya kuandika hitimisho lolote.