Kabla ya Baipasi ya Mguu: Mambo ya Kuzingatia

Mishipa ya damu ikiziba sehemu nyingi, kuanzia pajani hadi chini ya goti, daktari anaweza kushauri baipasi, yaani damu ichongewe njia mpya ya kukwepa palipoziba. Ndugu wengi huanza kuuliza gharama. Mimi ningeanza na hili: njia hiyo itatengenezwa kwa mshipa gani?

Mshipa bora ni wa mgonjwa mwenyewe, ile vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ndefu inayopanda kwa ndani toka kifundoni hadi kinenani. Daktari wa upasuaji Jean Kunlin aliutumia kwa baipasi huko Paris mwaka 1948, na mpaka leo mirija ya kiwandani haijaufikia, hasa baipasi inaposhuka chini ya goti. Basi upimwe mapema kwa ultrasaundi, chumba kikiwa na joto, maana baridi huubana ukaonekana mwembamba kuliko ulivyo. Upana wa milimita 3 au zaidi unatia moyo. Kama ulishatolewa kwa upasuaji wa moyo, sema, ili vena za mikononi nazo zipimwe. Unaposubiri, usikubali dripu ya mguuni, isije ikaharibu vena hizo. Ya mkononi iwekwe nyuma ya kiganja. Mwambie muuguzi bila kuona haya.

Sigara iachwe leo. Baipasi ya mvutaji huziba takriban mara tatu zaidi.

Aspirini na dawa ya kolesteroli kwa kawaida haziachwi. Metfomini na insulini za kisukari, pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda zaidi ya aspirini, ndizo za kuulizia: ipi isimamishwe, na lini. Andika majibu. Figo zipimwe kabla ya CT scan ya mishipa, na moyo uchunguzwe, kwani miguu ikiziba, mishipa ya moyo mara nyingi nayo haijasalimika.

Mwenye kisukari ajue kwamba presha ya kifundoni huweza kusoma vizuri kwa sababu tu mishipa imekakamaa. Aombe ipimwe ya kidole gumba cha mguu. Asiloweke mguu kwenye maji ya moto, ataungua asihisi. Akilala, mto ukae chini ya muundi, kisigino kisiguse godoro.

Nyumbani, pangeni wachangia damu na mtu wa kumpeleka kliniki, kwa sababu baada ya upasuaji mguu huvimba kwa wiki kadhaa na mshipa mpya hupimwa tena na tena mwaka wa kwanza.

Mguu ukipoa ghafla, ukapauka au kufa ganzi, msingoje tarehe mliyopewa. Nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.