Kabla ya Kulitazama Jengo: Namna ya Kusoma Picha ya Mtaa ya Karne ya 19

Ukishika picha ya mtaa iliyopigwa kabla ya 1890, usikimbilie jengo. Anza na karatasi. Ishike kwenye kingo, uisogeze dirishani mwanga uipige ubavuni. Ikiwa haimeti, na picha imezama ndani ya nyuzi, yaelekea ni karatasi ya chumvi, yaani iliyolowekwa chumvi kisha ikapakwa dawa ya fedha, ya miaka ya 1840 au 1850. Ikiwa inameta, ni nyembamba na imebandikwa kwenye kadi, na weupe wake umegeuka manjano, basi imepakwa ute wa yai. Njia hiyo aliitangaza Mfaransa Blanquart-Evrard mwaka 1850.

Ukikuta bamba la fedha linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, kumbuka kwamba mara nyingi kulia kwake ni kushoto. Nilishinda siku nzima nikitafuta kona moja kwenye ramani, kumbe herufi za kibao cha duka zilikuwa kinyumenyume. Tangu siku hiyo nasoma vibao kwanza.

Kisha shuka na lenzi ya kukuzia hadi usawa wa barabara. Ukiona mtaa mtupu, mji haukuwa umehamwa! Bamba la awali ndani ya kamera lilihitaji sekunde nyingi za mwanga, pengine dakika, na aliyepita hakubaki. Katika picha ya Daguerre, Mfaransa aliyebuni yale mabamba ya fedha, ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, ya 1838, barabara nzima ni tupu, ila chini kushoto yupo mtu ameinua mguu, anang'arishiwa kiatu. Alitulia, ndiyo maana tunaye. Kwa hiyo tafuta ukungu: farasi mwenye kiwiliwili kamili na kichwa kilichofutika alikuwa hai, akitikisa shingo.

Rangi ya ukuta usiihukumu. Dawa za picha za wakati huo ziliona sana bluu, nyekundu kidogo mno. Ndiyo sababu anga ni jeupe tupu na tofali jekundu limekuwa jeusi.

Mnara mrefu ukisimama wima bila kuinama nyuma, jiulize mpiga picha alisimama wapi. Ama aliinua ubao wa lenzi, ule wa mbele ya kamera, ama alipanda ghorofa la ng'ambo.

Mwisho uliza nani aliagiza. Charles Marville alipiga mitaa ya kale ya Paris kwa agizo la jiji, mingi ikingoja kubomolewa. Thomas Annan aliingia vichochoro vya Glasgow kati ya 1868 na 1871, navyo vilikuwa vimeshahukumiwa kubomolewa. Humo, juu ya nguo zilizoanikwa, mimi hukaa muda mrefu kuliko penginepo. Yote utakayoona yaandike kwenye daftari, kamwe si nyuma ya picha.