Kabla hujasema wameichakachua: jinsi ya kuipima bia yako mwenyewe

Sentensi ninayoisikia zaidi hapa kaunta, ukiondoa ile ya kuuliza kama kuna ya baridi, ni hii: "Hii siyo ile." Mteja amekunywa funda moja, amerudisha glasi mezani, ameigeuza chupa akiisoma pande zote. Ni laga anayoinywa tangu ajue bia, na leo anaapa imechakachuliwa. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua mambo mawili kuhusu mteja huyo. Mara nyingi kilichobadilika ni kitu kingine, mapishi hayajaguswa. Na mara nyingine yuko sahihi kabisa, kiwanda kinalijua hilo, na kinategemea kwamba hataweza kulithibitisha.

Ubaya ni kwamba aliye sahihi na aliyekosea wanasema maneno yaleyale, kwa hiyo wote wawili wanajibiwa jibu moja: "Ladha ni ileile uipendayo." Kwa hiyo usianze na kelele. Anza na kupima.

Soma lebo kwanza

Inachekesha ni wangapi wanaobishana saa nzima kuhusu jambo lililoandikwa kwenye kopo. Angalia kiwango cha kilevi. Uingereza ilibadilisha kodi ya vileo Agosti 2023, ikaanza kutoza kwa ukali wa kinywaji, na bia iliyo chini ya 3.5% ikapata nafuu kubwa. Mwaka huohuo Carlsberg Danish Pilsner inayouzwa huko ikashuka kutoka 3.8% hadi 3.4%, na Foster's kutoka 4% hadi 3.7%. Mnywaji aliyesema "imekuwa maji" hakuwa anaota. Kilevi hakifanyi kazi ya kulevya tu. Kinaipa bia uzito mdomoni na kinabeba harufu kuelekea puani. Ukikipunguza hata kidogo, mpishi wa bia analazimika kurekebisha vitu vingine ili pengo lisionekane, na hayo marekebisho ndiyo ulimi unayoyakamata.

Kisha soma viambato, pale vinapoandikwa. Kimea cha shayiri peke yake ni jambo moja. Kimea pamoja na mahindi, mchele au sharubati ya glukosi ni jambo jingine. Sisemi mahindi na mchele ni dhambi. Kuna laga nzuri sana zenye mchele ndani. Ila kama jana havikuwapo na leo vipo, umepata jibu. Neno "hopsi", yaani yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, likigeuka kuwa "dondoo ya hopsi", nalo liandike pembeni. Angalia pia imetengenezwa wapi. Chapa nyingi kubwa hupikwa kwa leseni katika viwanda tofauti, na bia inaweza kuhamia kiwanda kingine bila mapishi kuguswa hata neno moja. Matangi yenye umbo au ukubwa mwingine, na hata namna ya kuchemsha, vinatosha kuleta tofauti.

Ushauri wangu wa bure: piga picha lebo ya bia yako leo, mbele na nyuma, hata kama huna lalamiko lolote. Siku utakayoihitaji, ile ya zamani itakuwa imeshatoweka rafuni.

Ondoa washukiwa wengine

Laga ni bia isiyo na mahali pa kuficha kosa. Bia nyeusi nzito inaweza kufunika mengi, laga haiwezi. Ndiyo maana makosa ya hifadhi huonekana haraka kama mabadiliko ya mapishi.

Jua ni adui wa kwanza. Mwanga unavunja viini vya uchungu vinavyotokana na hopsi na kuzaa harufu kali ya salfa ambayo pua huikamata hata ikiwa kidogo mno. Mimi huiita harufu ya kicheche na kila mteja ananielewa. Chupa nyeupe au ya kijani ikikaa juani dakika chache tu, imekwisha. Chupa ya kahawia hukinga sehemu kubwa, kopo hukinga kabisa. Basi ukiisikia harufu hiyo, nunua kopo la bia ileile ulinganishe. Kopo likiwa safi, mwenye hatia ni aliyeianika.

Joto na umri huja pamoja. Bia iliyozeeka hunuka kadibodi iliyolowa, uchungu wake hufifia na utamu kama wa asali iliyochacha hujitokeza. Ghala lenye joto huizeesha upesi kuliko friji. Soma tarehe kwenye kizibo au kitako cha kopo kabla hujamlaani mtu.

Harufu ya siagi inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ina maana mbili. Ukiikuta kwenye bia ya bomba katika baa moja tu, mirija yao haijasafishwa, na hilo nalisema kama mtu ambaye kusafisha mirija ni sehemu ya mshahara wake. Ukiikuta kwenye chupa kutoka maduka tofauti, zenye namba tofauti za bechi (yaani mikupuo tofauti ya upishi), hapo bia imetolewa tangini kabla hamira haijamaliza kazi yake. Harufu ya tufaha bichi nayo inaelekea hukohuko kwenye uchanga. Haya huenda yasiwe mabadiliko ya viambato, lakini kufupisha muda wa kukomaa ni kubadilisha mapishi pia, na mtu asikudanganye kwamba mapishi ni orodha ya vitu tu.

Mwisho kuna glasi na kuna wewe. Glasi yenye mabaki ya mafuta huua povu. Na kama umetoka kupiga mswaki, kula pilipili, au unaumwa mafua, ahirisha kesi.

Jaribio la glasi tatu

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Viwanda vya bia vinakitumia, na kilianza kutumika katika kiwanda cha Carlsberg, Copenhagen, miaka ya 1940. Ni rahisi kiasi kwamba sioni sababu ya kukiacha mikononi mwao peke yao.

Unahitaji bia ya zamani na bia mpya. Hapo ndipo ugumu wote ulipo, kwa sababu ya zamani inaisha sokoni na iliyobaki inazeeka. Ukishapata fununu kwamba lebo inabadilika, nunua chupa chache za lebo ya zamani mara moja, tarehe zikiwa za karibuni kadiri unavyoweza, uziweke kwenye friji, gizani. Fanya jaribio ndani ya wiki chache. Usilinganishe kopo na chupa, wala chupa na bomba. Na kama ya zamani inanuka kadibodi, usiendelee: utakuwa unapima umri.

Mtu mmoja awe mmiminaji, naye haonji wala hazungumzi. Anamimina glasi tatu, mbili za bia moja na moja ya bia nyingine. Mpangilio unaowezekana ni sita tu, kwa hiyo dadu inafaa kuliko akili ya mtu: andika mpangilio mmoja kwa kila uso wa dadu, rusha, mimina inavyosema. Nasisitiza dadu kwa sababu binadamu akiachiwa hupenda kuiweka ile tofauti katikati, na waonjaji wajanja huligundua hilo kabla ya kugundua bia.

Glasi zote ziwe za aina moja, zikiwezekana zisizoonyesha rangi ya ndani. Kama huna, zima taa au ufunge macho. Mililita 50 kwa kila glasi zinatosha. Halijoto ndiyo watu wengi wanaikosea: bia ya baridi kali huua ladha, na huenda ndiyo sababu matangazo hupenda kukuonyesha chupa yenye barafu. Toa bia kwenye friji, ngoja ifike kama nyuzi 8 hadi 10. Kati ya raundi kunywa maji na kutafuna mkate mtupu.

Kazi ya mwonjaji ni moja: ipi imetofautiana na mbili nyingine? Hatuulizi ipi nzuri. Lazima achague hata kama hana hakika, kisha aandike kwa neno moja au mawili kilichomfanya achague, kabla majibu hayajatolewa. Neno hilo ni muhimu baadaye.

Kubahatisha kunakupa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo kupatia mara moja hakuna maana yoyote. Hata kupatia mara mbili mfululizo kunaweza kutokea kwa bahati, mara moja katika tisa. Ukionja raundi sita, patia angalau tano ndipo ujisifu. Mkiwa waonjaji 9, kila mmoja raundi moja, mnahitaji 6 waliopatia. Mkiwa 12, mnahitaji 8. Chini ya hapo mnaweza kuwa na hisia, lakini ushahidi hamna. Raundi sita usizifanye kwa kikao kimoja, ulimi unachoka baada ya mbili au tatu. Nimeona watu wenye sauti kubwa kuliko wote wakishindwa raundi ya kwanza, na mzee mmoja asiyesema sana akipatia zote huku akiangalia dirishani. Tangu hapo siamini sauti.

Mtego wa hatua ndogondogo

Jaribio hili lina udhaifu mmoja ambao kiwanda kikitaka kinaweza kuutumia. Linalinganisha bia ya leo na ya jana. Badilisha kitu kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao, na kila hatua inaweza kupita bila mtu kuigundua, wakati bia ya mwisho haifanani tena na ya mwanzo.

Schlitz ya Milwaukee ndiyo mfano ambao kila mtu wa bia anapaswa kuujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni hiyo ilikuwa ya pili kwa ukubwa Marekani, nyuma ya Anheuser-Busch. Ili kuokoa gharama ikafupisha muda wa kuchachusha, ikabadilisha sehemu ya kimea kwa sharubati ya mahindi, na kuzuia ukungu kwenye bia ikatumia jeli ya silika. Mwaka 1976, ikihofia kulazimishwa kuandika kiambato hicho kwenye lebo, ikaleta kingine. Kikagombana na kile cha kushikilia povu, na ndani ya chupa zikaanza kuelea chenga nyeupe. Ikabidi irudishe kimyakimya chupa na makopo zaidi ya milioni 10. Kiwanda cha Milwaukee kilifungwa 1981, na 1982 kampuni ikanunuliwa na Stroh ya Detroit.

Chenga zilikuwa kashfa, lakini wanywaji walikuwa wameanza kulalamika kabla yake. Ila waliokuwa na kumbukumbu ya bia ya zamani waliibeba kichwani tu, na huwezi kuweka laga akiba miaka mitano ili ije kutoa ushahidi.

Dawa yake ni daftari. Kila baada ya miezi michache, chupa moja, glasi ileile, halijoto ileile. Andika povu linakaa muda gani, harufu ya kwanza, utamu, uzito mdomoni, na zaidi ya yote uchungu: unafika lini na unabaki ulimini kwa muda gani baada ya kumeza. Uchungu nausisitiza kwa sababu hopsi hugharimu pesa na wateja wapya hawaupendi, kwa hiyo hauna mtetezi ndani ya kiwanda. Maneno kama "nzuri" na "kali" hayatakusaidia kesho. Linganisha na laga nyingine ya kampuni tofauti: "yangu ina uchungu kuliko ile, ile ina povu zaidi." Maelezo ya namna hiyo yanadumu, kwa sababu si rahisi bia mbili za wapinzani zibadilike siku moja kwa namna moja.

Kulalamika kwa namna ya kujibiwa

Ukishapata matokeo, andikia kiwanda. Taja jina la bia, ujazo, chupa au kopo, namba ya bechi, tarehe, mahali uliponunua, na kwamba ulionja bila kuona, raundi ngapi, ukapatia ngapi. Weka maneno yale mliyoandika kabla ya majibu kutolewa. Watu watano wakiandika "uchungu umekatika" bila kushauriana, hilo lina uzito kuliko kurasa tatu za hasira. Bakiza chupa moja ya bechi hiyo bila kuifungua, kwenye friji. Wakiitaka kwa uchunguzi, unayo.

Usiulize "Je, mmebadilisha ladha?" Watakujibu hapana, na kwa namna yao watakuwa wamesema kweli. Uliza mambo yenye jibu: kiwango cha uchungu kwa kipimo cha IBU mwaka jana na mwaka huu, kama kiwanda kinachoipika ni kilekile, kama uwiano wa kimea na nafaka nyingine umebadilika, kama muda wa kukomaa umepunguzwa. Wakirudisha barua ya kukushukuru kwa uaminifu wako kwa chapa, waandikie tena ukiwa na maswali yaleyale, yakiwa na namba.

Kelele za wanywaji zimewahi kufanya kazi. Februari 2013 watengenezaji wa wiski ya Maker's Mark walitangaza kuishusha kutoka 45% hadi 42%, na haukupita muda wakaghairi. Hata Schlitz ilirudi: kampuni ya bia ya Pabst, waliokuwa wamerithi jina hilo, waliitoa tena 2008 kwa mapishi ya miaka ya 1960, na kuyapata iliwabidi kuwahoji wapishi wa zamani.

Na wakikutumia kuponi ya kreti moja ili unyamaze, chukua kuponi, soma namba za bechi kwenye kreti, kisha rudia raundi sita.