Kuwafundisha Watoto Historia ya Mapambano ya Uhuru kwa Michoro ya Kupaka Rangi

Mtoto wa miaka sita hawezi kutulia nusu saa akisikiliza habari za kodi, kazi za kulazimishwa na sheria za kibaguzi, lakini anaweza kutulia muda huo huo akiupaka rangi mchoro mmoja, na mikono yake inaposhughulika masikio yake huwa wazi. Nafasi hiyo ndiyo inayopaswa kutumiwa na mzazi au mwalimu. Mchoro ukiachwa peke yake haufundishi kitu. Kinachofundisha ni masimulizi yanayokwenda sambamba na upakaji rangi, na kwa sababu hiyo mchoro uchaguliwe kwa kutazama ni jambo gani linaloweza kusimuliwa juu yake.

Kanuni ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kuchora tendo badala ya sura. Michoro mingi ya mashujaa ni nyuso tupu: mtu anatazama mbele, jina lake limeandikwa chini, basi. Mtoto ataipaka rangi na kuisahau. Chukua mfano wa mji wa Montgomery, katika jimbo la Alabama nchini Marekani. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikataa kumwachia abiria mzungu kiti chake ndani ya basi, akakamatwa. Kuanzia tarehe 5 Desemba watu weusi wa mji huo waliyasusia mabasi kwa siku 381, hadi ubaguzi ndani ya mabasi ulipoondolewa kwa amri ya mahakama. Ukimchorea mtoto barabara iliyojaa watu wanaokwenda kazini kwa miguu, na kando yao basi linapita likiwa tupu, atauliza mwenyewe kwa nini hakuna aliyepanda. Swali likishatoka kinywani mwake, somo limekwisha kuanza.

Kwa watoto wadogo kabisa silijui tukio linalofaa kuliko lile la Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwataka Wagiriama wa pwani ya Kenya walipe kodi na kuwatoa vijana wao wakafanye kazi mbali na kwao, na mama huyu akazunguka vijijini akiwahimiza watu wakatae. Masimulizi yaliyopokewa yanaeleza kwamba alifika barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ofisa wa Kiingereza, Arthur Champion, ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Ofisa aliponyoosha mkono, kuku akamdonoa. Katika mchoro, mweke kuku mbele, mkubwa, mbawa zimetanuka na manyoya ya shingo yamesimama. Vifaranga wajifiche chini yake. Upande mmoja uonekane mkono wa ofisa na kingo ya shati lake tu. Nyuma yao asimame Mekatilili. Mtoto wa miaka minne anamwelewa kuku aliyekasirika bila kufafanuliwa. Akifika kwenye vifaranga, mwambie kwamba Mekatilili alikuwa akisema: nanyi mkiwagusa watoto wetu, itakuwa hivi hivi. Usisahau kumweleza kwamba kisa hiki kimetufikia kwa midomo ya wazee, kwani ni vizuri azoee mapema kuuliza habari imetoka wapi. Kisha umalizie sehemu ya pili: alikamatwa, akapelekwa magharibi ya Kenya, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu.

Kuhusu mateso, usimpe mtoto mdogo mwili uliofungwa minyororo aupake rangi. Utumwa unaweza kufundishwa kwa ukweli wote bila kuugeuza uchungu wa mtu kuwa pambo. Harriet Tubman alitoroka utumwani katika jimbo la Maryland mwaka 1849, kisha akarudi mara kadhaa kwa siri na kuwaongoza watu wapatao 70 hadi kwenye uhuru, wakisafiri zaidi usiku. Mchoro wake uwe wa msitu, watu wachache wanaotembea kwa kufuatana, na nyota moja ya kaskazini. Mwagize mtoto apake giza ukurasa mzima isipokuwa nyota hiyo. Kazi hiyo ni ndefu na inataka subira, nawe utapata muda wa kutosha wa kumweleza kwa nini walitembea usiku, ni nani waliokuwa wakiwatafuta, na kwa nini mtu aliyekwisha kuwa huru alirudi alikotoroka.

Kabla ya kuchora au kuchapisha mchoro wa mtu mwingine, hakikisha mambo yake ni sahihi. Rosa Parks huchorwa mara kwa mara akiwa amekaa kwenye viti vya wazungu. Ukweli ni kwamba alikaa katika safu ya kwanza ya sehemu ya watu weusi, nyuma ya viti hivyo, na dereva alitaka safu hiyo nayo iachwe viti vya wazungu vilipojaa. Tofauti hiyo inabadili maana ya kisa kizima, kwa maana inaonyesha kwamba hata aliyetii mpangilio ule wa dhuluma hakusalimika.

Utengenezaji wenyewe si mgumu. Bandika picha kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi nyeupe juu yake, ufuate mistari mikubwa kwa kalamu ya wino mzito, ukiacha vivuli na vitu vidogo vidogo. Kwa watoto wa chini ya miaka saba, maumbo matano au sita yanatosha. Chini ya mchoro andika sentensi mbili fupi zinazotaja nani, wapi, mwaka gani na alifanya nini. Penseli za rangi na krayoni zinafaa kwenye karatasi ya kawaida, ila rangi za maji zinahitaji karatasi nzito.

Wakati wa kupaka rangi, usisimulie kisa chote kwa mfululizo. Subiri mtoto afike kwenye kitu fulani, ndipo ukizungumzie kitu hicho. Rangi za nguo, miti na nyumba mwachie achague, na kwa ngozi mpe kahawia za aina nyingi ili asilazimike kumpaka kila mtu rangi moja. Bendera ndiyo ninayoitenga na uhuru huo, kwa kuwa rangi zake zina maana iliyowekwa. Bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, nyeusi ilisimama badala ya wananchi, nyekundu damu iliyomwagika, kijani ardhi, na nyeupe amani. Mtoto anayeishika penseli nyekundu akijua hivyo hatapaka kwa haraka.

Watoto wenye miaka kumi na zaidi wapewe mchoro wenye nafasi tupu ya kuandika. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi makao ya serikali mjini Pretoria, Afrika Kusini, kupinga sheria ya kuwalazimisha wanawake weusi kubeba pasi, yaani hati ya kuwaruhusu kuwa mahali fulani, nao wakaacha mlangoni marundo ya maombi yaliyotiwa saini. Chora mlango, ngazi na marundo ya karatasi, ila karatasi ya juu iache bila maandishi, mtoto aandike yeye kile ambacho angekidai.

Swali litakalokuja ni kama walishinda, na hapo usimdanganye. Sheria za pasi ziliondolewa mwaka 1986. Mwache ahesabu mwenyewe miaka 30 iliyopita tangu siku ile. Wapiganaji wa Maji Maji, walioanza mwaka 1905 kwa kung'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, walishindwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi mno; Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mtoto mdogo aambiwe kwamba walishindwa na wengi walikufa, bila maelezo ya namna walivyokufa. Kwa mkubwa, tundika michoro yake kwenye kamba kwa kufuata miaka, ukiacha kati ya 1905 na 1961 nafasi ya kutosha karatasi kadhaa, kisha umwulize angependa kujua nini kuhusu watu walioishi katika miaka hiyo. Jibu lake ndilo litakalokuongoza kuandaa mchoro wa wiki ijayo.