Diski za Gemu: Zipi Zinafaa Kuhifadhiwa, na Namna ya Kuzitunza Kisumu

Kabla hujatoa pesa kununua diski ya gemu, hasa iliyokwisha kutumika, mwombe muuzaji akuruhusu kuijaribu kwenye mashine isiyounganishwa na intaneti. Gemu ikijisakinisha na kuchezeka bila kudai kupakua chochote, diski hiyo imebeba gemu kamili na inafaa kutunzwa. Ikidai intaneti kabla hata hujaona menyu, basi unanunua ufunguo tu, na mlango wenyewe unabaki mikononi mwa kampuni iliyo ng'ambo.

Jaribio hili ni la lazima siku hizi. Diski ya PlayStation 5 ya gemu ya Call of Duty: Modern Warfare II, iliyotoka mwaka 2022, ilikuwa na megabaiti 70 hivi, na yote yaliyosalia yalipaswa kupakuliwa. Baadhi ya kadi zinazouzwa kwa ajili ya Nintendo Switch 2 hazina gemu ndani, bali idhini ya kuipakua. Gemu ya The Crew ya kampuni ya Ubisoft ilitegemea seva, yaani kompyuta za kampuni hiyo, kwa kila kitu, kwa hiyo seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, aliyekuwa na diski na asiyekuwa nayo walibaki sawa.

Diski iliyo kamili, kwa upande mwingine, ina thamani ambayo duka la mtandaoni haliwezi kukupa. Septemba 2023 kampuni ya EA iliondoa FIFA 14 hadi FIFA 23 katika maduka ya mtandaoni, na tangu hapo anayezitaka hana budi kutafuta diski. Kwetu, ambako kibanda cha gemu bila mpira hakipati wateja, hilo si jambo dogo. Aidha, diski hukuepusha kununua bando la gigabaiti 50 kila unapoisakinisha gemu upya. Hata hivyo, usiweke FIFA ukitumaini kuiuza kwa faida: nakala zake ni nyingi mno. Weka ile unayokusudia kuicheza tena.

Katika utunzaji, muundo wa diski ndio unaoamua. Kwenye CD, zilizotumiwa na PlayStation ya kwanza, data imo karibu kabisa na upande wenye picha, chini ya rangi nyembamba, kwa hiyo mkwaruzo wa upande huo huiua diski papo hapo, ilhali ule wa upande wa chini mara nyingi unaweza kusuguliwa ukaisha. Blu-ray, diski za PlayStation 3 hadi 5, ni kinyume chake: data imo milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, nao umelindwa na utando mgumu. Fundi anayesugua diski kwa dawa ya meno anaweza kuiokoa DVD ya PlayStation 2, lakini usimkabidhi Blu-ray hata akikuapia. Unapofuta vumbi, tumia kitambaa laini na uvute kutoka katikati kuelekea ukingoni. Ukizungusha, mkwaruzo hufuata njia ya data na mashine hushindwa kujaziliza kilichopotea.

Adui mkubwa wa diski hapa Kisumu ni unyevu wa ziwa pamoja na joto. Hewa yenye unyevu ikipenya ukingoni mwa diski, tabaka la alumini linaloakisi mwanga huliwa polepole. Ukiinua diski mbele ya taa utaona vitundu kama vya sindano, na hapo hakuna dawa. Tafuta kasha la plastiki lenye kifuniko kinachobana, kama yale wanunuayo watu katika soko la Kibuye kwa ajili ya unga, utie vifuko vya silika, vinavyofyonza unyevu, kutoka kwenye masanduku ya viatu, kisha usimamishe diski wima ndani ya vikasha vyake. Kasha lisikae juu ya kabati chini ya mabati, wala lisiegemee ukuta unaovuja.

Diski bila mashine ni kioo tu, kwa hiyo mashine nayo ni sehemu ya hazina. PlayStation 5 Pro huuzwa bila kisomeo cha diski, na kisomeo kinachonunuliwa kando kinahitaji intaneti mara ya kwanza kinapofungwa. Kifunge na kukiidhinisha mapema. PlayStation 4 yenye programu iliyotangulia toleo la 9.00 la mwaka 2021 inaweza kukataa hata diski pindi betri yake ndogo ya ndani inapokufa na seva za Sony hazifikiki, hivyo isasishe sasa. Na mawingu ya jioni yakianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa waya ukutani kabla stima haijaanza kurukaruka.