Kuegesha gari-nyumba kambi ya wanachama, pwani ya Oregon

Kwenye kambi za Thousand Trails, mtandao wa kambi za wanachama Marekani, kama ile ya Pacific City, kwa kawaida mwanachama huhifadhi tarehe, si kiwanja. Fika mapema uchague. Zima swichi ya nguzo ya umeme ya kiwanjani kabla ya kuchomeka plagi ya gari. Soketi ya ampea 30 kwa volti 120 hutoa wati 3,600 tu: hita mbili zikiwaka pamoja na mikrowevu, umeme unakatika. Kidhibiti cha presha ya maji kifungwe bombani, kabla ya mpira wa maji.

Kosa baya zaidi ni kuacha valvu ya tangi la choo wazi: maji hutoka, kinyesi hubaki na kukauka. Ifungue tangi likijaa theluthi mbili, kisha mwaga maji ya sinki yasafishe bomba la majitaka.

Ukiondoka, osha uvungu wa gari. Chumvi ya bahari hula chuma.