Tambua waya za spika kwa betri ya rimoti
Ukikuta nyumba ya Mtwara ina waya za spika ukutani zisizo na alama, usikimbilie kuunga amplifaya. Kwangua ncha mpaka shaba ing'ae (upepo wa bahari huila ikawa ya kijani), kisha gusisha jozi mojamoja kwenye betri ya volti 1.5, mguso mfupi tu. Umeme wake husukuma koili ya spika: chumba husika kitasikika "tap". Mwenzako aangalie koni (utando wa mbele wa spika unaotikisika). Ikitoka nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Bandika utepe hapohapo, uandike chumba. Kimya? Huenda kitufe cha sauti cha ukutani kimefungwa. Spika zenye transfoma, zile za misikitini na kumbini, hulia, ila mwendo wa koni usiuamini.